Vita imeisha, ila nani kawaambia?

Tarehe 11 Novemba 1918, asubuhi ya mwisho ya Vita ya Kwanza ya Dunia, askari Mfaransa Augustin Trébuchon ametumwa na ujumbe.

Yuko kijiji cha Vrigne-Meuse, kaskazini mwa Ufaransa, mto Meuse uko nyuma yake na mbele kule Wajerumani wamejipanga na bunduki zao za rashasha. Ana miaka 40, kabla ya vita alikuwa mchunga kondoo, yuko jeshini tangu Agosti 1914, yaani vita nzima kaipiga, kajeruhiwa, kapona, karudi. Kazi yake ni utarishi, kubeba maneno ya wakubwa kuwapelekea walioko mbele. Na maneno aliyobeba asubuhi ile hayahusu shambulizi wala kurudi nyuma. Yanasema saa tano na nusu kutakuwa na supu ya moto, mapigano yakishasitishwa saa tano kamili.

Akapigwa risasi kama robo saa hivi kabla ya muda kufika.

Sasa kinachonisumbua ni hiki. Kaburi lake lipo mpaka leo na tarehe iliyoandikwa pale ni 10 Novemba. Wamemrudisha siku moja nyuma. Wapo wanaosema ilikuwa aibu kuandika kwamba mtu amekufa siku ya amani, wapo wanaosema ni mambo ya pensheni za familia, vyovyote iwavyo kuna mtu alikaa mezani akashika kalamu akaona hii tarehe haifai, tuibadilishe.

Wiki kadhaa sasa nimeshindwa kuachana na hiyo tarehe. Nikianza kusoma kitu kingine narudi pale pale, na kila nikifungua vita nyingine nakuta Trébuchon mwingine, wa karne nyingine, bahari nyingine.

## Saa tano kasoro

Wengi tunajua ile vita ilivyoisha kwa hiyo siirudii. Ila angalia saa. Mkataba ulisainiwa alfajiri, kama saa kumi na moja na dakika kumi, ndani ya behewa la treni la Jemadari Foch, mkuu wa majeshi yaliyopigana na Ujerumani, kwenye msitu wa Compiègne. Utekelezaji, saa tano asubuhi. Habari ikaruka kwa simu na simu za upepo, na muda si mrefu makao makuu mengi yalishaipata.

Kwa hiyo hapa hamna wa kusingizia umbali. Walijua.

Na bado kwenye siku hiyo moja inakadiriwa waliuawa, kujeruhiwa au kupotea karibu watu 11,000 wa pande zote, waliokufa zaidi ya 2,700.

Mmoja wao ni Henry Gunther, Mmarekani wa Baltimore, babu zake wametoka Ujerumani. Huyu alikuwa na cheo cha sajenti, akaandika barua kumlalamikia maisha ya jeshini rafiki yake nyumbani, wakaguzi wa barua wakaikamata, akavuliwa cheo. Asubuhi ile karibu na Chaumont-devant-Damvillers akainuka peke yake na bunduki yenye singe akaelekea kituo cha Wajerumani. Wale Wajerumani walijua vita imebaki dakika chache, wakampungia mikono arudi. Hakurudi. Wakampiga. Ilikuwa saa tano kasoro dakika moja. Baadaye wakamrudishia cheo chake, akiwa kaburini.

Gunther naweza kumwelewa kidogo, mtu aliyevuliwa cheo ana mzigo wake moyoni. Ambaye nimeshindwa kabisa ni Jenerali William Wright wa divisheni ya 89 ya Marekani. Yeye alijua muda, alikuwa na mji wa Stenay mbele yake, akaamua uchukuliwe kabla ya saa tano kwa sababu alisikia una mabafu na vijana wake wamekaa na uchafu siku nyingi. Mabafu! Watu mia tatu na kitu waliuawa au kujeruhiwa kwa ajili ya mji ambao masaa machache baadaye wangeuingia kwa miguu yao huku mikono mifukoni.

Bunge la Marekani lilikuja kuuliza baada ya vita, kwamba nyie mliokuwa na taarifa mkononi mlikuwa mnawapeleka watu wapi? Wakubwa wakajibu walivyojibu. Hakuna aliyeadhibiwa.

Kuna utetezi mmoja ambao nauheshimu. Wajerumani walipofika Compiègne tarehe 8 waliomba mapigano yasimame pale pale wakati wanajadiliana, Foch akakataa, akihofia adui atatumia mapumziko kujipanga upya. Na hata baada ya kusaini unahitaji masaa ili neno lifike kwa kila handaki, huwezi kuwaambia nusu ya mstari waache na nusu haijasikia, utaua wengi zaidi. Hiyo naikubali kabisa. Ila yale masaa yalitolewa ili habari isafiri, na kuna watu waliyatumia kama muda wa nyongeza.

## Twende kwenye zama za meli za tanga

Nikasema ngoja, labda shida yangu ni kwamba nimeanza na vita yenye simu. Twende nyuma, kwenye dunia ambayo habari inatembea kwa upepo, huko angalau utakuta watu wanakufa kwa kutokujua tu, hakuna wa kulaumiwa.

Mfano ambao kila mtu anautoa ni New Orleans. Waingereza na Wamarekani walisaini amani mji wa Ghent tarehe 24 Desemba 1814. Meli yenye karatasi ikaanza safari ya Atlantiki. Tarehe 8 Januari 1815, habari iko katikati ya maji, Jenerali Pakenham akawatuma Waingereza wake kwenye uwanja wazi mbele ya ngome ya Andrew Jackson, jenerali wa Marekani. Waingereza walipoteza kama 2,000, ukijumlisha waliokufa, waliojeruhiwa na waliotekwa, Pakenham mwenyewe akiwemo kwenye waliokufa. Upande wa Jackson kwenye pambano lenyewe wakafa 13.

Hadithi inavyosimuliwa ni kwamba walipigania vita iliyokwisha isha. Inavutia sana, ila haisimami vizuri. Mkataba wenyewe ulisema uhasama unakoma pande zote mbili zikishauridhia, na Seneti ya Marekani iliuridhia tarehe 16 Februari, karatasi ilipofika. Kwa hiyo kisheria tarehe 8 Januari vita ilikuwa hai kabisa. Pakenham hakufa kwa bahati mbaya ya posta, alikufa vitani.

Basi nikawa nimekaribia kuifunga New Orleans nikaendelee na mengine. Halafu nikaona kilichotokea baada ya hapo, ambacho watu wanakiruka.

Jackson alikuwa ameuweka mji chini ya sheria ya kijeshi. Februari ikaingia, tetesi za amani zikaanza kufika, zikaongezeka, watu wanataka warudi majumbani kwao, Jackson anasema hapana, mpaka nipate taarifa rasmi. Mbunge mmoja wa Louisiana, Louis Louaillier, akaandika gazetini kwamba hali hii imepitiliza, Jackson akamkamata. Jaji Dominick Hall akatoa amri mbunge afikishwe mahakamani, Jackson akamkamata na jaji akamfukuza mjini. Sheria ya kijeshi ikaja kuondolewa tarehe 13 Machi.

Na katikati ya hapo, tarehe 21 Februari, mjini Mobile, wanamgambo sita wa Tennessee walipigwa risasi kwa hukumu ambayo Jackson aliipitisha. Kosa lao uasi na kutoroka. Wao walikuwa wanasema waliandikishwa kwa miezi mitatu na miezi mitatu imeisha, jeshi linasema ni sita. Hesabu sasa: amani imesainiwa Desemba, imeridhiwa tarehe 16 Februari, hawa wanauawa tarehe 21.

Siku tano.

Hapo hoja yangu ya upepo na meli ikaanza kuvuja. Kweli pale Mobile hakuna aliyekuwa na karatasi rasmi. Lakini kusubiri karatasi rasmi kuna faida kwa aliyeshika madaraka, kadiri inavyochelewa ndo anavyoendelea kuwa mkubwa, na mwenye hasara ni yule aliyefungwa kwenye nguzo. Jackson angeweza kusubiri na hukumu pia, si anapenda kusubiri?

Wapinzani wake walikuja kuchapisha karatasi zenye picha za majeneza kwenye uchaguzi wa urais wa 1828. Akashinda hata hivyo.

## Mji uliouawa kwa kuhesabu siku

Hii ya Scione wengi hawaifahamu na sijui kwa nini, mimi naona ni ya kutisha kuliko zote.

Mwaka 423 Kabla ya Kristo, Athens na Sparta wamechoka, wakakubaliana kusimamisha vita kwa mwaka mmoja. Huku juu kaskazini, kwenye rasi ya Pallene, mji wa Scione uliokuwa chini ya Athens ukaasi ukajiunga na Brasidas, jemadari wa Sparta, wakampokea kwa shangwe wakamvika taji la dhahabu kabisa. Halafu wakaja wajumbe wawili kwa meli, mmoja wa Athens mmoja wa Sparta, kuja kutangaza kwamba tumepatana.

Kila mji ukasomewa masharti. Ilipofika zamu ya Scione yule mjumbe wa Athens akaanza kuhesabu siku, akasema hawa hawamo, wameasi baada ya mkataba. Brasidas akang'ang'ania kwamba waliasi kabla. Thucydides, mwanahistoria wa Athens ambaye ndo katuachia habari hii na aliyajua vizuri maeneo yale, anasema Athens walikuwa sahihi. Scione waliasi siku mbili baada ya mapatano.

Siku mbili ambazo hakuna mtu pale Scione aliyezijua. Waliamka wakaasi vita wakiijua ipo.

Athens, kwa pendekezo la mwanasiasa wao Cleon, wakapiga kura kwamba mji uchukuliwe na watu wake wauawe. Wakauzingira. Mwaka 421, na hii nayo iliniuma, mwaka huo huo Athens na Sparta walishasaini amani kubwa zaidi na ndani yake Sparta wakaiacha Scione mikononi mwa Athens wafanye wanavyoona, mji ukaanguka. Wanaume wazima wakauawa, wanawake na watoto wakafanywa watumwa, ardhi wakapewa watu wa Plataea.

Kwa hiyo karatasi ya amani inaweza kuua. Sikuwahi kuifikiria hivyo. Anayesaini anachora mstari kwenye kalenda, na aliye mbali anaukuta mstari umeshampita.

## Meli iliyokuwa na magazeti

Kifupi tu, maana bahari inachosha. Meli ya Shenandoah ya waasi wa Kusini wa Marekani, nahodha James Waddell, ilikuwa bahari ya Bering Juni 1865 inachoma meli za wavua nyangumi wa Kaskazini. Lee, jenerali mkuu wa Kusini, alishajisalimisha Aprili 9. Watu wakikusimulia wanasema Waddell alikuwa hajui.

Alikuwa na magazeti. Alikuta magazeti kwenye meli alizoteka, yanasema Lee amejisalimisha, ila humo humo yana tangazo la rais wao Jefferson Davis kwamba vita itaendelea. Akachagua sehemu ya pili. Agosti 2 akakutana na meli ya Kiingereza iliyotoka San Francisco, watu wasio na upande, wakamwambia yamekwisha kote, hapo ndo akakubali, akaficha mizinga akazunguka ncha ya Amerika Kusini mpaka Liverpool akajisalimisha Novemba 6. Aliogopa angerudi Marekani angenyongwa kama haramia.

Kilichonivutia ni kwamba ukurasa mmoja wa gazeti ulimpa vita na amani kwa pamoja.

## Msitu wa Lubang

Hapa ndo nimekwama muda mrefu zaidi.

Luteni Hiroo Onoda naamini unamjua, yule Mjapani aliyekaa msituni Ufilipino mpaka 1974. Kwenye mitandao anazunguka kama mfano wa nidhamu, picha yake na ile saluti, sare ina viraka, macho makavu, chini kuna maneno ya kutia moyo kuhusu kutokata tamaa. Mimi mwenyewe ile picha ilinikamata kabla sijaanza kuuliza maswali.

Alipelekwa kisiwa cha Lubang Desemba 1944 na amri kwamba asijisalimishe na asijiue, tutakuja kukuchukua. Vita ikaisha Agosti 1945. Oktoba wakaanza kukuta vipeperushi, vita imeisha, shukeni mlimani. Walikuwa wanne. Wakakaa wakachambua kila karatasi, neno hili halikai vizuri, jenerali hawezi kuandika hivi, ni mtego wa Wamarekani. Yuichi Akatsu akawaacha 1949 na mwaka uliofuata akajisalimisha, wakaona sasa ndo hatari zaidi, msaliti yuko upande wa pili. Mwaka 1952 zikadondoshwa kwa ndege barua na picha za familia zao. Mtego. Akaletwa kaka yake akaongea kwenye kipaza sauti, Onoda anamsikia kabisa, akasema jamaa anaigiza vizuri.

Walikuja kuwa na redio pia. Wanasikiliza habari za Japani, mpaka mbio za farasi wanawekeana dau wao kwa wao huko msituni. Na bado. Kwa sababu kichwani mwake hesabu ilikuwa hivi: Wajapani waliapa kufa wote kabla ya kushindwa, Japani bado ipo na ina watu, kwa hiyo Japani haijashindwa.

Jaribu kuivunja hiyo hoja ukiwa ndani yake. Haivunjiki! Kila ushahidi unaoingia unageuka kuwa wake. Nilikaa na hiyo siku nyingi maana sio wazimu, ni akili inayofanya kazi vizuri sana juu ya jambo moja la uongo mwanzoni.

Shoichi Shimada akauawa 1954. Kinshichi Kozuka akauawa Oktoba 1972. Akabaki peke yake. Februari 1974 kijana mmoja msafiri, Norio Suzuki, akampata, wakaongea, Onoda akamwambia sitoki mpaka amri itoke kwa mkubwa wangu. Wakamtafuta Meja Yoshimi Taniguchi, ambaye maskini ya Mungu alishakuwa muuza vitabu, wakampeleka Lubang, Machi 9 akasimama msituni akamsomea amri ya kuacha mapigano.

Akaacha.

Yaani sentensi chache za mtu sahihi zilifanya kilichoshindikana kwa miaka 29.

Kwa muda nikaridhika na jibu hili, kwamba ujumbe hautoshi, lazima utoke kwenye mdomo ambao aliyeko vitani anauamini. Ni jibu zuri. Halafu nikakumbuka kuna watu wengine kwenye kisiwa kile.

Lubang ina wakulima na wavuvi. Katika hiyo miaka inasemwa waliuawa wenyeji kama 30, na zaidi ya hapo ni mifugo kuchinjwa, mpunga kuchomwa, watu kuogopa kupanda mlima wao wenyewe. Rais Marcos akampa Onoda msamaha, upanga wake akarudishiwa, dunia ikapiga makofi. Sasa wale wenyeji waliouawa, walikufa kwenye vita gani? Vita ya pili ya dunia ya mwaka 1960? Kwenye ile picha ya saluti hawapo, na nashindwa kuiangalia tena kama zamani.

Sitaki kumfanya Onoda kuwa shetani. Alipewa amri na mtu mzima mwenzake, na aliyetoa amri ile alirudi nyumbani akaendelea na maisha. Ila nidhamu ambayo bili yake inalipwa na mkulima wa jirani siwezi kuiweka kwenye bango la kutia moyo.

Halafu mlinganishe na Shoichi Yokoi, aliyekutwa Guam Januari 1972. Fundi cherehani, alijishonea nguo kwa nyuzi za magome ya miti. Yeye alijua vita imeisha tangu 1952, alikuta vipeperushi akaviamini. Hakutoka kwa sababu ya aibu, alifundishwa kwamba kutekwa ni fedheha kuliko kufa. Miaka ishirini ndani ya shimo, anajua.

Na Teruo Nakamura ambaye hasemwi kabisa. Kakutwa Desemba 1974 kisiwa cha Morotai, Indonesia, miezi michache baada ya Onoda. Huyu hata Mjapani hakuwa, alikuwa wa watu wa Amis wa Taiwan, koloni la Japani enzi hizo, jina la kwao Attun Palalin. Anarudi, Taiwan sio ya Japani tena, mkewe alishaolewa, na sheria inasema yeye si wa kulipwa pensheni. Wakampa yeni 68,000, pesa ya aibu tu, mpaka watu wa Japani wenyewe walipopiga kelele michango ikaanza kuja. Onoda kapokelewa kama shujaa wa taifa. Kitu kile kile, msitu ule ule wa upweke, tofauti ni nani alikuwa na nchi ya kumpokea.

## Chambeshi

Nilikuwa naikwepa hii kwa sababu tumeizoea mno, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, nyuki wa Tanga, miaka minne bila kushindwa, tumelishwa hiyo hadithi mpaka basi. Ila ukiisoma kwa macho ya habari iliyochelewa inakuwa kitu kingine.

Novemba 1918 alishatoka Msumbiji, kapita kusini mwa Tanganyika ya leo, kaingia Rhodesia ya Kaskazini, ndo Zambia. Watu wake wameingia mji wa Kasama. Tarehe 11 Ulaya inapiga kengele, huku wanaendelea na mwendo kuelekea mto Chambeshi. Tarehe 14 asubuhi Hector Croad, mtawala wa Kiingereza wa Kasama, akampa habari uso kwa uso pale mtoni. Leo pana mnara.

Sasa mfikirie Onoda, halafu mwangalie huyu. Habari inatoka kwa adui, imeandikwa na adui, simu zote ni za adui, yeye hana mawasiliano na Berlin. Kila sababu ya kusema mtego. Na aliikubali haraka tu.

Kwa nini? Mwenyewe ameandika baadaye kwamba aliamini vita lazima imeisha vizuri kwa Ujerumani, au angalau sio vibaya. Ahaa. Kumbe aliiamini kwa sababu aliisikia kama habari njema! Angeambiwa mwanzoni kwamba mfalme wake amekimbilia Uholanzi na nchi imekuwa jamhuri sijui kama angekubali kirahisi vile. Onoda alikataa kweli kwa sababu ilikuwa chungu, Lettow alipokea kweli kwa sababu aliijaza asali mwenyewe. Nikiwaweka pamoja na Waddell na magazeti yake naona wote watatu ni kitu kimoja, mtu aliyeko vitani anachukua kwenye habari kile anachoweza kukibeba.

Wakatembea mpaka Abercorn, ndo Mbala ya sasa, wakajisalimisha tarehe 25 Novemba. Wiki mbili baada ya Compiègne. Wazungu 155, askari 1,168, na nyuma yao wapagazi na wanawake wa msafara. Walikabidhi mzinga mmoja wa Kireno, bunduki za rashasha 37, bunduki za kawaida 1,071 za Kiingereza na Kireno, risasi 208,000. Yaani karibu silaha zote ni za kuteka.

Hapa kuna ile hadithi maarufu ya 1964, kwamba bunge la Ujerumani Magharibi likaamua kuwalipa askari waliobaki hai, ofisa akaenda Mwanza na pesa, wazee wamejaa, wengi hawana cheti chochote, jamaa akawapa ufagio mmoja mmoja akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani na wote wakazitekeleza. Watu wanaipenda sana hii na mi niliipenda. Siku hizi inanipa mashaka kidogo, si kwamba haikutokea, ila naona inamfurahisha nani. Mzee wa miaka sabini na kitu anapigishwa gwaride na ufagio ili alipwe mshahara wa 1918, na sisi tunacheka kwa furaha kwamba hakusahau.

Na hao ni askari. Wapagazi hawana hata hadithi ya ufagio. Upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa watu kwa mamia ya maelfu kubeba mizigo, na makadirio yanayotajwa sana ya waliokufa ni zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, wachache sana kwa risasi. Kwao habari ya tarehe 11 haikumaanisha chochote, mzigo ulibidi uendelee kwenda mpaka jeshi lifike linakokwenda, na homa kubwa ya mafua ya mwaka ule ikawakuta humo humo njiani na kambini.

Baada ya vita ikabaki pesa, mishahara ya wapagazi waliokufa ambayo hakuna aliyejitokeza kuidai. Tawala za makoloni zikaomba basi ile pesa itolewe itumike kwa faida ya wenyeji wa huko walikotoka. Mabishano yakaenda miaka mpaka London ikakataa. Sababu mojawapo, kumbukumbu ni mbovu, majina hayaeleweki, na kuwatafuta ndugu zao ni gharama.

Bunduki za Abercorn tunazijua mpaka ile ya 1,071.